Farasi wa Silinda Nane

Kariakoo, Dar es Salaam
4 Februari 1990

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mama na miguu yake? Mimi mzima, isipokuwa joto la Bongo mwezi huu halimwachii mtu akili zake zote, kwa hiyo nikikosea humu ndani laumu jua.

Baba, habari hii nimeilalia wiki nzima nikitafuta pa kuianzia, nimeona niitupe tu. Ranjanben anabomoa nyumba. Mwanawe Keyur amerudi kutoka masomoni Uingereza na michoro ya ghorofa nne, chini maduka, juu watu. Siku hizi Kariakoo ukisinzia, ukiamka jirani amepanda ghorofa. Wapangaji tumeambiwa Pasaka isitukute. Kibaraza changu cha mitumba kinaondoka na ukuta wake.

Na uani, Baba, kuna gari lako.

Najua unavyolipenda. Marehemu mumewe, Tulsidas, alikupa liwe kiinua mgongo chako ulipoacha kazi ya udereva kwake, badala ya hela, nawe ukashukuru kama umepewa meli. Lakini tangu ulipolisukuma mle uani ukaenda zako Ndanda, halijatoka. Yule farasi mdogo wa chuma kwenye pua yake ameota kutu, matairi yamekaa chini, na kuku wa mlinzi anataga kwenye kiti cha nyuma. Keyur anasema likimkuta siku ya kubomoa atalifukia humo humo kwenye msingi.

Kuna mtu wa vyuma chakavu wa Buguruni amekuja, akalizunguka, akalipiga teke, akataja bei. Si kubwa, lakini inanisogeza kwenye kilemba cha fremu moja ya chini katika hilo ghorofa jipya. Wenye kutanguliza hela hiyo ndio wanaoandikwa kwanza. Nikiikosa fremu narudi kutembeza nguo begani nikikimbizana na mgambo, na miguu hii si ile ya zamani. Naomba ruhusa yako niliuze.

Mwanao,
Angelina


Ndanda
15 Februari 1990

Mwanangu Angelina,

Marahaba. Mgongo wangu ulikuwa mzima mpaka nilipogeuza ukurasa wa pili wa barua yako. Mama yako hajambo, anakusalimu, na anasema usinisikilize. Nimeliandika hilo kwa sababu amesimama nyuma yangu.

Unataka kuniuzia gari langu kwa kilo, kama dagaa?

Gari lile lililetwa na Mmarekani mmoja aliyekuwa na kazi bandarini, naye alipoondoka Tulsidas akalinunua kwa ajili ya kuwakera wenzake wa mtaani. Silinda nane. Ukitoka nalo Ubungo, unafika Chalinze lenyewe bado halijaamka. Tulsidas alilipanda kwenda Morogoro mara moja, akaona linavyokunywa petroli, tangu siku hiyo akawa anakwenda dukani kwa miguu, mimi nikabaki kumwendesha mkewe. Lakini ubahili wa mwenye gari si kosa la gari.

Sasa sikiliza, maana wewe ni mfanyabiashara na nitakueleza kibiashara. Kitu kikiwa kingi bei inashuka, kikiwa kimoja bei inapanda. Hayo Majapani yanayoshushwa bandarini ni mengi kama kunguru wa hapo mjini. La kwangu nchi hii liko moja. Bruda wa misheni, yule Mjerumani wa karakana, amenionyesha gazeti la kwao. Gari kama langu, la miaka ile ile, limenunuliwa kwa bei ya nyumba. Nyumba ya bati, yenye choo cha ndani! Ila lazima liwe linatembea. Lililokufa halina bei, lililofufuka linanunua mtaa. Na sasa kila kitu ni ruksa, kuuza nje na kununua nje. Mungu akupe nini tena?

Nenda Gerezani kwa fundi Seifu. Ni Myao, mtani wetu, kwa hiyo atakutukana kwanza. Mvumilie, mikono yake ni mizuri.

Baba yako,
Filbert


Kariakoo
2 Machi 1990

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua zimewakuta salama. Korosho nimezipata, zimefika pungufu, naona kondakta naye alikuwa na njaa. Mimi nasukuma siku.

Nimefanya ulivyosema. Seifu alikuja, na kabla hata ya hodi akauliza kama Wamakonde tumeanza kufuga kuku ndani ya magari kwa kuwa kujenga banda kumetushinda. Kisha akafungua boneti akanyamaza. Baba, Seifu kunyamaza si jambo dogo. Akaniambia injini ni nzima kabisa. Inataka betri, plagi, mipira ya maji, rejeta izibwe na tangi lisafishwe. Matairi atatafuta yaliyotumika. Kazi yake hataji bei, anasema utailipa kwa kutaniwa.

Kwa hiyo kufufuka litafufuka. Ninalouliza mimi ni nani atalinunua. Na nimeulizia, sijakaa bure. Dalali aliniletea tajiri wa maharage, akaingia upande wa kulia akashangaa usukani hauko. Alipohamia kushoto akauliza linakula lita ngapi. Seifu, ambaye sijui nani alimtuma aseme ukweli, akamwambia. Tajiri akashuka polepole kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe, hakuaga. Wa pili alikuwa mwenye teksi, yeye alicheka tu. Wa tatu alitaka viti peke yake, avitie kwenye baa.

Baba, yule wa gazeti la Bruda yuko ng'ambo. Mpaka gari limfikie linataka meli, na meli inataka hela ambazo ningekuwa nazo ningekuwa nimeshalipa kilemba, tusingeandikiana. Bei haipo gazetini. Bei ni mtu amesimama mbele yako na hela mkononi, na mbele yangu amesimama yule wa vyuma chakavu peke yake. Nisikudanganye, kufufua gari hili ni kumvisha marehemu viatu vipya.

Keyur ameniambia baada ya wiki mbili analeta lori la kulivuta. Nijibu upesi, Baba yangu. Sitaki kukuvunjia heshima, lakini sitaki pia kurudi barabarani.

Mwanao,
Angelina


Ndanda
13 Machi 1990

Mwanangu,

Marahaba. Barua nampa dereva wa lori la misheni aifikishe mkononi mwako. Sisi sote wazima, mimi hasa ni mzima sana, nalisisitiza hilo kwa sababu ya yanayofuata.

Waambie nimekufa.

Usishtuke, nimelifikiria vizuri. Ranjanben namjua, nimemwendesha tangu anakuja pale bibi harusi. Mali ya marehemu haigusi mpaka arobaini ya msiba ipite, ana imani hizo. Tukipata arobaini, Bruda atakuwa amewaandikia jamaa zake na mnunuzi atakuwa amepatikana. Baada ya hapo nitafufuka. Tutasema ilikuwa habari ya uongo. Barabara ya kusini wakati wa masika hakuna anayeamini kinachopita juu yake.

Usimwandikie mama yako neno lolote.

Baba yako, ambaye yupo,
Filbert


Kariakoo
29 Machi 1990

Baba,

Shikamoo. Sijui kama inafaa kumwamkia marehemu, lakini mmenilea hivyo. Hujambo huko uliko?

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaapa kwamba upuuzi huo siufanyi. Jumatatu Keyur akaja na lori na minyororo. Wakafunga mbele, wakafunga nyuma, dereva akapanda. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Baba amefariki." Keyur alivua kofia. Akawaambia wale vijana wafungue minyororo, akapanda ngazi mbio kwa mama yake, na mimi nikabaki pale nikiomba ardhi inimeze.

Ranjanben alishuka na sari nyeupe. Yule mama ngazi zile huwa hazishuki bila kushikwa mkono, Baba, siku hiyo alishuka mwenyewe. Akaketi na mimi kwenye mkeka, mitaa mizima ikaja, akawaambia watu huku analia: "Keyur alipotaka kuzaliwa, mume wangu alishikwa na woga akaanza kutafuta kofia. Filbert ndiye aliyenibeba kama gunia la sukari akaniweka kwenye gari hili, akalikanyaga mpaka hospitali. Mtoto wangu ana roho kwa sababu ya mguu wa Filbert." Keyur alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Akaenda kulishika lile gari kwenye mlango, akasimama hapo.

Ningeweza kusema ukweli saa hiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini wakaingia watani.

Seifu alikuja na Wayao wote wa Gerezani. Mmoja amevaa koti refu na kofia ya udereva, ndiye wewe. Akaanza kumfuta yule farasi kwa kitambaa, akawafokea wafiwa wavue viatu kabla ya kugusa mlango, akamzomea mtu aliyekuwa anakula karanga karibu na kiti. Baba, ni wewe mtupu. Nilicheka matangani kwako mpaka shangazi mmoja akanifunika kanga akidhani nimezidiwa na uchungu. Halafu Seifu akatangaza kwamba maiti huyu alikuwa bahili, kaficha gari miaka yote, na watani hawaondoki mpaka wakomeshe ubahili wake. Kumbe alikuwa ameshalitengeneza kimya kimya. Wakapitisha kofia ya mchango wa petroli, wakamimina, wakawasha.

Sauti yake, Baba. Mabati yalitikisika. Kuku wa mlinzi hajaonekana mpaka leo.

Wakatupakia mimi na Ranjanben nyuma, tukakata Msimbazi nzima, watu wakaacha mizani na wateja wakatoka nje kutazama. Mimi nilikuwa nakuona mzee anayeng'ang'ania chuma. Nilipokaa mle ndani likavuta, kifua kikarudi nyuma kikabaki pale kwenye kiti, nikaelewa. Nakwambia wazi, nimeelewa. Jangwani rejeta ikachemka, likazima katikati ya barabara. Wafiwa wakalisukuma mpaka nyumbani wakiimba matusi yako. Ranjanben alikataa kushuka, akasukumwa humo humo.

Baada ya watu kutawanyika alimwita Keyur, akamwambia kubomoa kusubiri arobaini ya Filbert, na fremu ya pembeni kwenye ghorofa ni ya mtoto wa Filbert bila kilemba, kwa kuwa ni yatima. Keyur hakubisha hata kidogo.

Kwa hiyo fremu ninayo. Nimeipata kwa kifo chako. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Angelina


Ndanda
9 Aprili 1990

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu mbaya, ila si kwa ugonjwa. Habari zangu zilifika Ndanda kabla ya barua yako, zimeletwa na binamu yako wa Mtwara. Nilikuwa nakula. Wakaingia akina mama kumi na kitu wanaangua vilio, mama yako akawakaribisha wakae, na kwa kuwa alishaanza kuhisi ni kazi yangu, akawaacha wanililie mbele ya sahani yangu mpaka nilipomaliza ugali. Kisha akaniuliza kwa upole nina la kusema. Upole ule uliisha kwenye mwiko.

Hata hivyo nina maswali. Huyo Myao aliyevaa koti alishikaje usukani, mkono mmoja au miwili? Mimi sikuwahi kuendesha kwa mkono mmoja, kama ndivyo alivyofanya mwambie Seifu hiyo ni kumsingizia maiti. Na mlinzi, alilia? Nilimkopesha redio.

Yale ya Ranjanben nimeyasoma nje, chini ya upenu wa nyumba, ili nisionekane. Angelina, miaka yote niliyoliendesha lile gari watu walisimama wakauliza, gari la nani hilo? Hakuna aliyeuliza dereva ni nani. Siku nilipopewa likawa langu, sikuwa na hela ya petroli hata ya kufika Mnazi Mmoja. Sijawahi kuliendesha likiwa langu, hata mara moja. Bei ya gazeti ni maneno tu niliyokuwa najipa. Nilitaka liwake, na mtu mmoja aseme, lile pale la Filbert.

Sasa amesema, tena na sari nyeupe. Mama yule nimekula chumvi yake. Machozi yake siwezi kuyafanyia biashara, na wewe usiyafanyie. Nenda ukamwambie ukweli wote, mwambie akili ilikuwa yangu na mdomo ulikuwa wangu. Fremu ikienda, iende. Naumia kuandika hivyo, maana najua begani kunavyouma.

Baba yako,
Filbert


Kariakoo
24 Aprili 1990

Baba,

Shikamoo. Poleni na mwiko. Mimi nimepungua kidogo lakini nala.

Nimemwambia. Nilipanda juu, nikapiga magoti, nikasema yote bila kumeza neno. Akamimina chai, akanisogezea, akauliza swali moja tu, "Anakula?" Nikamwambia unakula sana, hata ulipokuwa unaliliwa. Baba, yule mama alicheka akashika ukuta, akakaa chini, akacheka tena, akajifuta kwa sari. Nikadhani tumepona.

Halafu akanitazama vizuri akasema, "Fremu nilimpa yatima. Wewe una baba."

Na ni haki yake. Lakini ameongeza kwamba ile ya pembeni atanishikia mpaka mwisho wa Mei, nilete kilemba kama wengine, na Keyur asimwandike mtu. Rambirambi nimezirudisha nyumba kwa nyumba. Wengine wamekataa kuzipokea, wamesema niweke, siku moja zitatumika. Seifu yeye alisema kwa desturi gari ni la watani mpaka likombolewe kwa jogoo, lakini kwa kuwa maiti ametoroka kaburini, anadai majogoo mawili.

Sasa ndiyo ninayokuandikia hasa. Siku ile tulipozunguka Msimbazi, sauti ile ilisikika mpaka Upanga. Kuna kijana anaitwa Sagar, anashindana mbio za magari porini, amekuja Gerezani kuifuata injini. Hajali inakunywa nini, baba yake ana kituo cha mafuta. Anataka injini na giaboksi, basi, gari lenyewe halitaki. Yule wa baa amerudi kwa viti. Milango, boneti na bodi atachukua mtu wa Buguruni. Seifu amenipigia hesabu, kilemba kinatimia.

Ndilo soko lenyewe, Baba. Likiwa zima halina mteja mjini hapa. Likichinjwa, kila kiungo kina mtu wake. Na bila kulifufua asingekuja hata mmoja, kwa hiyo katika hilo wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea.

Lakini mwenzio nimelipanda. Seifu amesimama na spana, nimemwambia asiguse hata nati mpaka nipate mkono wako. Ukikataa sitanuna. Nitalitafutia ua pengine, na nguo nitatembeza, nimeshazoea.

Mwanao,
Angelina


Ndanda
6 Mei 1990

Mwanangu Angelina,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo umetulia, mvua zinakatika, mama yako amenisamehe nusu. Nakutakia afya ya kusimama dukani.

Bruda amepata jibu. Yuko mtu Ujerumani analitaka gari kwa kweli, zima lilivyo, kwa bei ile ile ya nyumba. Anataka nilifikishe kwenye meli kwa gharama yangu, mengine atayabeba yeye. Barua hiyo nilikaa nayo asubuhi nzima. Nikaanza kuhesabu mikorosho ya kuweka rehani. Mama yako akaja akakaa karibu, akaniuliza huyo Mjerumani ana shida gani. Nikamwambia hana shida, anapenda magari tu. Akasema, "Basi anaweza kusubiri." Akaenda zake jikoni.

Mwambie Ranjanben nitakuja mwenyewe duka likifunguliwa, anitukane uso kwa uso, na mazuri aliyosema juu yangu nikiwa maiti nayaweka. Majogoo ya Seifu nampa kondakta, yako mawili, likifika moja ujue kondakta ni yule yule wa korosho.

Kuhusu lile jingine. Sagar mwambie asiiwashe asubuhi akaikanyaga hapo hapo, aiache ipumue kwanza. Ni injini ya heshima.

Wachinje. Ila nisiambiwe siku.

Baba yako,
Filbert